Baba Anaangalia Dari

Tarehe 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza kila kitu, hata yale yatakayonifanya nionekane mtovu wa adabu, kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo. Shangazi hajambo. Vipi mikono yako na mvuke wa kiwanda cha kufulia, malengelenge yamepona?

Habari ya Baba sikuiweka kwenye salamu, maana ndiyo barua yenyewe.

Kiharusi kilipomwangusha kazini, mwiko wa uashi ukiwa bado mkononi, daktari alituambia mishipa ya fahamu haifanyi kazi tena. Shangazi akatoka pale akilia kwamba kaka yake hana fahamu. Sote tukaamini. Miezi minne tumemlisha kwa mpira, tumemgeuza ubavu huu na ule, na tumeongea mbele yake kama watu wanaoongea mbele ya kabati.

Wiki iliyopita Mwalimu wa Baiolojia alitufundisha mfumo wa neva. Alichora ubongo, chini yake shina la ubongo, kisha uti wa mgongo na ule uzi mnene unaoshuka ndani yake. Akasema neva nyingine hupeleka amri kwenye misuli, nyingine huleta taarifa za joto, maumivu na sauti. Halafu akaandika ubaoni: "Neva, yaani mishipa ya fahamu."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ikikatika, fahamu inamwagika?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. "Hilo ni jina tu, binti. Mshipa wa fahamu ni njia. Njia ikifungwa, msafiri hajafa."

Kengele ilipolia nilibaki, nikamweleza hali ya Baba. Akasema shina la ubongo likiumia upande wa mbele, amri zote zinaweza kukwama hapo. Mtu hawezi kuinua hata kidole, na huku anasikia na kuwaza vilevile. Ila neva za kuinua macho hutokea juu kidogo ya pale. "Mwambie aangalie juu," akasema.

Nilimwambia, Dada. Akaangalia dari. Nikamwambia aangalie mara mbili, akaangalia mara mbili.

Nikachukua chati ya silabi ya darasa la kwanza, ile ya ba, be, bi, bo, bu. Nilikuwa nasoma taratibu, naye anainua macho nikifika kwenye silabi yake. Ya kwanza ilikuwa "zi". Ya pili "ma". Nikalia kwa furaha, nikidhani anasema ni mzima. Akafumba macho kwa hasira. Tukaanza upya: re, di, o. Kumbe ile redio ambayo Shangazi aliiweka sikioni pake "imliwaze" imempigia kelele miezi minne. Nikaizima. Machozi yakamtoka.

Sasa tarehe 28 gari linakuja kumpeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wasiojitambua, kwa sababu wewe, mtoto wa kwanza, ulitia sahihi karatasi ya ruhusa. Shangazi na Baba Mdogo walilijadili hilo wamekaa kitandani pake. Amesikia yote. Tafadhali mwandikie Baba Mdogo, maana karatasi anayo yeye, kwamba umeifuta sahihi yako.

Mdogo wako,
Mdadisi


Tarehe 12 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo tena. Natumaini ni posta tu iliyochelewa na wewe huumwi.

Nilimwonyesha Shangazi. Akasema, "Hata kinyonga anazungusha macho, mbona hatumwiti kwenye vikao vya ukoo?" Nikamwomba amuulize Baba jambo ambalo mimi silijui. Akafikiri, akasema, "Haya, aseme alikuwa ananiitaje tulipokuwa wadogo." Baba akachagua: m, la, u, do, ngo. Mla udongo. Shangazi akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa kanga. Tangu siku hiyo anabisha hodi kabla ya kuingia kwa Baba.

Lakini Baba Mdogo hataki kusikia. "Karatasi ina sahihi," anasema. "Karatasi haiangalii dari." Anamngoja daktari, na daktari atakuja mwezi ujao. Baba anahesabu siku. Leo alinichagulia "ku mi na si ta": kumi na sita.

Nijibu, Dada.

Mdogo wako,
Mdadisi


Tarehe 18 Machi

Mdogo wangu Mdadisi,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili. Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza niliisoma nikiwa kwenye zamu, nikaacha shuka kwenye mashine ya kupigia pasi mpaka likaungua.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki mwaka ule Baba aliponifungia chumbani likizo nzima kwa ajili ya barua ya mvulana. Komeo lilikuwa la nje. Alilitengeneza mwenyewe. Nilipokuja kumwona baada ya kiharusi, mlitoka nikabaki naye peke yangu. Niliinama sikioni pake nikamwambia: "Sasa na wewe umejua mlango ukifungwa kwa nje unakuwaje. Kaa humo." Niliambiwa hana fahamu, mdogo wangu. Nilisema kama mtu anayesema na ukuta.

Nitakuwa mkweli. Kwa siku chache niliomba mwalimu wako awe amekosea. Kisha nikaona aibu ya ombi hilo. Sijui nimwandikie nini Baba Mdogo, na sijui nitamtazama vipi Baba. Usimsomee barua hii.

Dada yako


Tarehe 22 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Poleni na kazi. Sisi tunaendelea.

Sikumsomea. Nilimwambia tu kwamba umeandika na kwamba unamsalimu, ingawa salamu hukuziweka. Akaangalia chati. Tulianza nilipotoka shule, tukamaliza Shangazi akipakua chakula cha jioni. Nakunakilia alivyochagua, na makosa yake, maana aliishia darasa la nne na chati yangu haina "kwe":

a li se ma ku e li

ko me o la ngu

a je a fu ngu e

Nilimuuliza afungue nini. Akafumba macho, na kwake kufumba ni kuchoka. Shangazi alimfuta jasho la paji la uso. Sijui kama hiyo ni kuomba radhi. Mwalimu wa Kiswahili angesema neno lenyewe halimo. Mimi najua tu kwamba zilikuwa silabi kumi na nane, na kwamba hajawahi kuchagua nyingi hivyo kwa mkupuo.

Baba Mdogo amelegea kidogo. Anasema ataliambia gari lisije iwapo mwenye sahihi ataifuta kwa mkono wake, mbele yake, kabla ya tarehe 28. Posta huchukua siku tatu, basi siku moja. Barua hii nitampa kondakta wa basi la asubuhi, na ameahidi kungoja jibu lako getini kwenu. Baba ameshaamka na ananitazama ninavyoandika. Nimwambie unakuja?

Mdogo wako,
Mdadisi