Sema Umetumwa na Mama Yake

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mgongo umekuachia upumue kidogo. Huku tu wazima, ila cherehani inakohoa kama bibi yake. Shemeji mwambie suruali yake iko tayari. Kiuno nimekiongeza bila kumuaibisha.

Pongezi zako za binti yetu kupanda cheo nimezipata. Dada, kusema kweli, mwanangu alianza vizuri mno. Wenzake aliomaliza nao chuo bado wanazunguka na bahasha, yeye akawekwa dirishani ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho shingoni, shati nimelishona mwenyewe, kola imesimama wima. Ilibaki amalize majaribio, athibitishwe kazini. Mtaa mzima wakaniita Mama Afisa, nami nikawa naitika hata nisipoitwa.

Sasa, mdomo wangu unaujua. Mteja akija kupunguza gauni, akilalamikia foleni ya vyeti, namwambia, "Wewe pita mbele kabisa, sema umetumwa na mama yake." Alianza muuza mkaa, akafuata mke wa kinyozi na mashoga zake. Jioni moja, tukimenya vitunguu, binti alinisihi niache, kwamba pale watu wote ni sawa. Nikamcheka, nikamuuliza kama shahada imemfundisha kumkana mama. Akaendelea kumenya. Na kuwarudisha watu wazima waliomwona akikua, aliona haya.

Wiki iliyopita baba mmoja, aliyekaa foleni tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akapaza sauti akiuliza kama vyeti siku hizi vinagawiwa kwa ukoo. Mkubwa wa ofisi akatoka, akamuuliza binti ni nani anayewatuma watu hawa. Akajibu kwamba amewaita yeye mwenyewe. Uthibitisho wake umeahirishwa, naye ametolewa dirishani, anapanga mafaili stoo.

Cheo hakupanda, dada. Nilikudanganya. Mtaani nimesema amekabidhiwa funguo za ofisi nzima. Wananipa hongera, nazipokea. Nilitaka kwenda kwa mkubwa nikaseme ni mimi. Binti akanishika mkono, akasema, "Mama, ukienda utakuwa umeomba upendeleo tena." Nikarudi kwenye cherehani.

Kwa hiyo kile cheti cha mjukuu wetu hapo kwako, nilichokwambia kwenye simu uhesabu kimeshatoka, hakijatoka. Wala binti sijamgusia. Mpeleke mwenyewe, mbebe maji ya kunywa, mkae foleni. Mkifika dirishani, usiseme una ndugu humo ndani. Najua utaninunia. Ninunie, lakini nenda.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na huo mgongo ukandwe kwa maji ya moto.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi