Kitambaa Cheupe cha Kamera ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya tatu ya ndoa na bado nacheka peke yangu jikoni! Mume wangu kaamka na habari za kamera yao ya kazini tena. Si ya kupigia picha za harusi hiyo — inafungwa chini ya tumbo la ndege, inachambua mwanga kwa mamia ya rangi, hata zile jicho halizioni. Ikipita juu ya msitu inajua mti upi una kiu kabla jani halijanyauka. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema kwangu hahitaji ndege, nikinuna anajua tangu mlangoni. Nimekwisha mimi!

Jumatano, 5 Juni

Wanarusha keshokutwa! Wamepewa ndege asubuhi moja tu. Vipimo vikiharibika, kamera inarudi kabatini, na jasho lao lote nalo.

Kaniletea kitambaa chao cheupe nishone pindo. Kikubwa kama sebule yetu! Kinatandazwa uwanjani, kamera inakitazama kutoka juu, na kwa weupe wake inapima rangi nyingine zote. Nimekata ncha zilizofumuka, nikashona. Lakini kilivyofubaa! Watu waseme hana mke? Nikakifua kwa sabuni ya kung'arisha, na buluu kidogo. Kimetoka kama shela langu! Wifi kanikuta napiga pasi: "Makubwa! Hadi kamera inafuliwa?" Mume simwambii. Ataona mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Nipo uwanjani, nimekalia boksi la vifaa. Asubuhi nimefunga kibakuli chake cha mayai kwa kile kipande kirefu nilichokata — fundo la upendo. Amepaa nacho, kanipungia dirishani. Mume wangu!

Baadaye kidogo. Ee Mungu. Fundi wao mkuu, wanamwita Mama Lenzi, kakitandaza kitambaa, kakinusa. "Bi harusi, mbona kinanukia maua?" Nikasema kwa fahari, nimekifua! Akakaa chini palepale. Eti dawa ya ile sabuni inang'aa kibuluu juani. Kamera itaamini buluu yangu ndiyo weupe, na msitu mzima utasomeka vibaya. Machozi yakanitoka. Akanishika bega: "Hakuna hata kipande ambacho hakikuguswa na maji? Kimoja tu! Nikikipima, nitajua umeongeza nini, nikitoe kwenye hesabu."

Kipo. Kimefunga mayai. Kiko angani.

Mama Lenzi kainyakua redio: "Usifungue chakula! Usijifute mikono! Kitambaa kirudi kama kilivyo!"

Redio inakwaruza. Halafu sauti ya mume wangu, mdomo umejaa:

"Kitambaa kipi?"