Samaki wa Kurudishwa

Jumamosi, 4 Oktoba

Asubuhi tena Seif yuko uani anarusha chambo. Samaki wa mpira, mkubwa kama kiatu changu, ndoana zake kazivisha vizibo zisimjeruhi mtu. Shabaha yake ni ndoo ya buluu mlangoni mwa stoo. Mara tatu kaipata ndoo. Mara moja kanga yangu kwenye kamba. Mara moja eisii ya chumba cha wageni, mlio wake umesikika mtaa mzima wa Bawshar.

Neema, anayetusaidia kazi za nyumbani, kagoma kutoka kuanua nguo. Kasema kwao Singida samaki hawapiti hewani. Nimecheka mpaka chai imenipalia.

Ana miaka sitini na nne mume wangu huyu. Mstaafu wa wizara, mwenye heshima zake. Uani na ndoo.

Yule samaki wa mpira katumwa na mwanetu Nasri, kwa posta, kutoka Uswidi. Ndani ya boksi na kikaratasi: Baba, njoo nikuoneshe kazi yangu. Seif kakisoma. Kakikunja, kakitia mfukoni mwa kanzu. Siku ya pili kakata tiketi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Niyaandike kama yalivyo, nisije nikajidanganya.

Nasri kasomea uhandisi kule. Kafanya kazi ya uhandisi miaka miwili, kaiacha. Sasa ana mashua na huwachukua wageni kuvua paiki. Nimemuona huyo paiki kwenye picha. Mrefu kama mzia, rangi ya majani, mdomo wa bata na meno ya msumeno. Anakaa kwenye maziwa yao, na kwenye pwani yao pia, maana Nasri anasema bahari ile haina chumvi hata ya kutia mchuzi. Wageni wanapanda ndege kuja kumvua. Wanamvua, wanampima, wanapiga naye picha, wanamrudisha majini.

Hapo ndipo Seif alipopandwa na hasira. Mwenyewe ana mashua yake pwani ya Bustan na kila wiki yuko baharini, nguru, kolekole, chochote. Kwa hiyo kuvua kwake si aibu. Aibu ni kumrudisha. Alimwambia Nasri kwenye simu: nimekusomesha uhandisi ukawachezeshe watu samaki? Nasri akakata. Mwaka na nusu huu hawajasemezana. Mie huzungumza na mwanangu kila siku jikoni, na Seif huja kunywa maji. Glasi nne, tano. Kiu gani hiyo.

Na msikitini akiulizwa khabari za Nasri, hujibu: mhandisi, yuko Uswidi, alhamdulillahi. Mie nikiulizwa na wanawake nasema hivyo hivyo. Sote waongo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda sokoni Matrah, kutafuta soksi za sufu. Muuzaji kaniuliza mama, unaumwa? Joto lote hili! Nimepata jozi mbili. Na haluwa ya Nasri, ile ya zafarani, na bizari, kwa sababu anasema bizari za kule hazina harufu.

Ugomvi wa sanduku. Seif anataka kwenda na rungu lake. Ni kipande cha mti tu, kimekuwa cheusi kwa miaka, ndicho anachompigia samaki kichwani akishampandisha. Nimelitoa sandukuni, kalirudisha. Nimelitoa tena, kalizungushia taulo akaliweka chini ya soksi. Nikamwambia huendi vitani wewe. Kanijibu mvuvi haendi mikono mitupu. Basi, nimemwacha, na ubishi wake.

Watu wananiuliza mbona mie siendi. Nasema goti. Goti kisingizio. Nikiwapo kati yao watasema na mimi kila mmoja kwa upande wake, wao wenyewe hawatasemezana. Nawajua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kaondoka. Uwanja wa ndege hakutaka nimshike mkono mbele za watu. Kwenye gari alinishika njia nzima, kaniachia kwenye mataa tu. Alikuwa na khofu. Mie pia.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Ndoo nimeiacha pale pale.

Jumapili, 12 Oktoba

Ujumbe wa sauti, dakika sita. Seif hajawahi kunambia dakika sita za kitu chochote. Baridi inaingia mpaka kwenye jino. Kaonja maji ya bahari kwa kidole, kweli hayana chumvi. Matete kila mahali, mawe, kimya. Wanarusha kutwa nzima hawapati kitu, na Nasri anasema ndivyo paiki mkubwa alivyo, wa kumngojea. Uzi lazima uwe na kipande cha waya mbele, meno yake hukata.

Nasri alimbusu mkono uwanja wa ndege. Kampikia wali wa nazi ya kopo. Kaula wote. Lakini wanazungumza upepo na ndoana tu. Hilo lingine hawajaligusa.

Nimeusikiliza mara nne. Sauti ya mwanangu inasikika nyuma, inasema Baba, vaa kofia.

Jumanne, 14 Oktoba

Balaa.

Nasri kapiga saa nane mchana. Alikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, na Seif alikuwa nao mashuani. Samaki mkubwa kanasa kwenye ndoana ya Seif. Zaidi ya mita! Nasri anasema alimvuta vizuri, taratibu, hakumlazimisha, mpaka wageni wakampigia makofi. Nasri kamtia wavuni. Kageuka kuchukua koleo la kutolea ndoana. Kusikia bismillah, na rungu, mara mbili.

Kageuka, samaki kafa. Na baba yake kamnyanyua juu, meno yote nje: leo tunakula!

Yule mama mgeni kalia. Ghuba ile ina mwenyewe, na sharti lake la kwanza ni hilo, wakubwa wote warudi majini. Hata wa kupigia picha hatakiwi kutolewa majini sana. Nasri kampigia mwenye ghuba yeye mwenyewe na kusema ukweli, mashuani papo hapo. Kaambiwa asimamishe wageni mpaka Jumamosi, atajibiwa. Akinyimwa ruhusa na huyo, na wenye maji wengine watasikia. Ndiyo kazi yake yote hiyo.

Nasri hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikuwa anavuta pumzi kama alivyokuwa mdogo akizuia kulia.

Kisha kapiga Seif. Moto! Kwani Mungu kaumba samaki apigwe picha? Miaka hamsini anavua, hajapata kuona mtu kumlilia samaki. Anabadilisha tiketi, anarudi keshokutwa. Nikamwambia mwanao anaweza kupoteza kazi. Akasema kazi gani.

Nimemkatia simu. Miaka thelathini na saba ya ndoa, mara ya kwanza.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakuna aliyepiga.

Nimeunguza mbaazi. Neema kasugua sufuria, kisha kaniletea chai ya tangawizi, kakaa na mimi. Kasema mama, wanaume wakinyamaza wako njiani. Sijui kaitoa wapi hiyo. Nimemkasirikia Seif kiasi cha kutaka kuitupa ile ndoo nje ya ukuta. Sikuitupa.

Alkhamisi, 16 Oktoba

Seif kapiga baada ya adhuhuri. Nilitaka nisipokee. Nikapokea.

Sauti imeshuka. Kanambia samaki alimpasua jana, maana kumtupa ni israfu. Mle ndani kakuta mayai. Yanaanza tu, lakini mengi, mifuko miwili. Nasri kamwambia paiki wakubwa wote ni majike. Wale wa mita, wana miaka kumi, kumi na tano, kila mwaka wanazaa. Ndiyo sababu ya kuwarudisha. Nasri kasema hivyo bila hasira, kisha katoka kwenda kufunga mashua.

Nikamuuliza, unamkumbuka kambakoche wa Bustan?

Anamkumbuka. Nasri alikuwa na miaka tisa. Alimficha kambakoche ndooni, mkubwa, tumbo lake limejaa mayai, alitaka kunishangaza mie. Seif kaiona ndoo. Alimshika sikio kutoka kwenye gari mpaka kwenye mawe, kamwamrisha amrudishe mwenyewe kwa mikono yake, wakakaa pale mpaka kambakoche akajivuta akaingia chini ya jiwe. Mtoto kalia njia nzima. Chakula cha mchana hakula. Nilimgombeza Seif siku ile, nikamwambia umezidi. Akanambia mwenye mayai harudi na sisi nyumbani, na hili mwanangu atalijua hata nikifa.

Basi kalijua, nimemwambia. Kalifanya kazi yake. Kila siku anafanya ulichomfundisha, na wewe umemwendea na rungu.

Kasema Salma. Jina langu tu. Simu ikakatika.

Sijui kama nimezidisha. Nimeswali alasiri nikarudia rakaa, sikumbuki nilisoma nini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Seif hajapiga. Tiketi hakuibadilisha, nimeuliza shirika la ndege. Ndege ya jana imeondoka bila yeye.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nasri kapiga, maneno yanamtoka mbio.

Anasema baba yake aliamka alfajiri, akavaa kanzu na kofia yake ya nakshi, na chini ya kanzu suruali mbili na sweta. Kamwambia nipeleke kwa mwenye ghuba. Walipofika, kamwambia Nasri abaki garini. Nasri kakaa garini nusu saa anatafuna kucha, anawaona kwenye dirisha la jikoni, baba yake kasimama, yule mzee wa Kiswidi kakaa. Kisha wote wamekaa. Kisha kahawa.

Kumbe Seif kasema kosa ni langu, mwanangu hana kosa. Sheria alinambia, mie ndiye niliyedhani sheria za samaki nazijua. Kasema ukitaka kumfungia mtu, nifungie mimi, nisivue kwenye ghuba yako maisha.

Mzee wa watu kasamehe nusu. Ghuba ile Nasri hatapeleka wageni mpaka mwakani. Kwengine kote ruksa. Na Seif kweli kafungiwa, ghuba ile haruhusiwi kutia uzi. Nasri anacheka na kulia pamoja anaposimulia hili.

Kisha garini, kabla hawajawasha, baba yake kamwambia: nioneshe mnavyomrudisha.

Nimekaa sakafuni jikoni. Neema kadhani nimeanguka, kaja mbio na maji. Nimemwambia sina kitu, mwanangu ana baba yake. Kanimwagia nusu ya maji kwa furaha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Video. Safari hii ziwani, mvua nyepesi. Seif kapiga magoti mashuani, mikono imezama mpaka kiwiko. Paiki hana ukubwa wa yule, lakini mkubwa. Mkono mmoja mkiani, mmoja chini ya tumbo. Anamngojea. Naiona midomo yake Seif inatembea, sijui anasoma dua au anamsemesha. Nasri nyuma ya simu anasema pole pole, Baba, ataondoka mwenyewe akiwa tayari.

Samaki kapiga mkia, huyo. Kamrushia Seif maji usoni.

Seif katazama mikono yake mitupu, kisha kamtazama Nasri. Video imeishia hapo. Uso ule nimewahi kuuona mara moja, siku aliyozaliwa Nasri.

Alkhamisi, 23 Oktoba

Karudi. Kakonda kidogo, pua imebabuka kwa baridi. Soksi kaziacha kwa Nasri. Rungu pia. Nasri kalitundika juu ya mlango wa banda lake la mashua. Nimefungua sanduku, nguo zote zinanuka ziwa. Sijazifua bado.

Ijumaa, 24 Oktoba

Chakula cha mchana baada ya swala. Kaja kaka yake Seif, Khalfan, na mkewe. Wali, mchuzi wa nguru, achari ya ndimu.

Khalfan kauliza kama anavyouliza kila Ijumaa, vipi mhandisi wetu?

Nilikuwa na upawa mkononi. Nikasimama hivyo hivyo.

Seif kameza tonge lake. Kasema Nasri si mhandisi. Mvuvi. Anavua paiki, halafu anawarudisha majini.

Khalfan kauliza, anawarudisha?

Wakubwa wote, kasema Seif. Kisha kaniomba mchuzi, na mie nikampakulia.