Mfinyanzi Asiyetaka Safari

Rhotia, Karatu
4 Machi 2024

Mwanangu Selestina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, mama yako naye yupo, ila goti linamsumbua mvua zikikaribia. Huko Wasso mnaendeleaje? Wanafunzi wanakusikiliza? Naandika kwa sababu kwenye simu sisikii kitu, naishia kuitikia tu "ndiyo, ndiyo".

Kile kitabu ulichoniachia Krismasi nimefika ukurasa wa tisini, na shujaa wenu amenichosha. Kijiji kizima hakina maji, joka limelala kwenye chemchemi, mganga anamwambia, "Ni wewe, Dalimo." Yeye anajibu kwamba vyungu vyake havijakauka! Kesho yake mgongo unamuuma. Mwanaume gani huyo? Na mwandishi hasemi nani atampalilia mahindi akisafiri.

Baba yako,
Bartolomeo

Wasso
19 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Vumbi limenipa mafua, lakini darasani naingia. Barua yako kondakta wa basi aliniletea hadi shuleni. Niliwasomea walimu wenzangu, wakacheka mpaka chai ikapoa.

Usimwache Dalimo. Mimi nampenda kwa sababu anaogopa. Shujaa anayeanza akiwa jasiri atakua kwenda wapi?

Mama aliniambia mjane Angela alikuja kwenu akalia. Kuna nini?

Mwanao,
Selestina

Rhotia
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mafua, kunywa tangawizi.

Mama yako hafichi kitu. Ni hivi: baba yako mdogo Remigius amelima hatua kumi na mbili ndani ya shamba la Angela, na katani za mpakani amezing'oa. Anasema marehemu Simon, mume wa Angela, alimpa. Hakumpa. Katani zile tulizipanda watu watatu, mimi, Simon na balozi wetu wa zamani, nao wawili hao tumeshawazika. Angela anataka nikaseme hivyo kwenye baraza la kata.

Nimemwambia nasikia vibaya. Nimemwambia maharage yetu ya ngwara hayajavunwa. Nimemwambia mama yako anaumwa. Selestina, Remigius ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipoumwa na nyoka.

Kitabu nimekifungia kabatini.

Baba yako

Wasso
11 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Sitakwambia uende. Baba mdogo ndiye aliyenipeleka bweni siku ya kwanza, akanitandikia kitanda mbele ya wasichana wote. Nami nampenda.

Nakuuliza tu: kitabu kimekukosea nini? Uliishia pale Dalimo anapogeuka njiani kurudi nyumbani? Mfungulie. Mbele kuna sura ambayo hakuna mtu hata mmoja anayemsukuma.

Mwanao

Wasso
20 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita. Kila nikipiga simu mama anasema uko shambani. Niandikie hata mstari mmoja.

Selestina

Rhotia
14 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Tuko wazima wote wawili.

Baraza lilikaa Jumatano ya wiki iliyopita. Hakuna aliyenifuata nyumbani, nilivaa koti nikaenda. Swali walilirudia mara tatu ndipo nikalisikia. Mwenyekiti akasema, "Mzee, una uhakika?" Nikamjibu, "Shimo la kwanza nililichimba mimi." Remigius alikuwa amekaa mbele yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe, kaka." Nikaomba kiti. Angela amerudishiwa hatua zake zote.

Kitabu nimekimaliza. Mwandishi anasema Dalimo alipofika chemchemi hofu ilimtoka. Hapo amekosea. Haitoki. Mtu anakua akiwa nayo hivyohivyo, anatembea nayo. Palipo na kweli ni pale anaporudi, maji yanatiririka, na watu wa kwao wanamwangalia kwa mbali.

Remigius hatusalimu. Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, lakini mlango haukufunguliwa. Keshokutwa naenda tena. Nitakaa hapo nje mpaka jioni, na asipotoka nitarudi Jumapili nyingine, na nyingine. Nilichosema barazani sikifuti. Na yeye ni mdogo wangu, simwachi.

Baba yako,
Bartolomeo