Onyesho Nililolitia Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Uvimbe wa kooni wa Kaka ni saratani. Basi, nimeandika. Nilidhani nikifika kwenye neno lenyewe mkono utagoma.

Daktari ni mwanamke kijana, hakuzunguka mbuyu. Kisanduku cha sauti kitolewe chote. Kaka atapumulia tundu la shingoni. Na sauti? Hii aliyonayo itaondoka, akasema, baadaye kuna kifaa, atafundishwa kukitumia. Kaka akauliza, kwa mkwaruzo ule ule uliotupeleka pale: "Lini?" Jumanne ijayo, tarehe kumi na moja.

"Jumamosi ya tarehe kumi na tano nina shughuli."

Shughuli! Daktari akadhani ni harusi. Mimi nikainamisha kichwa. Ni onyesho la Wazee — bendi yetu ya hevi metali, tunayoishabikia tangu utotoni. Mwimbaji wao ana miaka sabini na nne sasa. Wanazunguka dunia kuaga. Tiketi nilinunua mimi, mbili, zawadi yake ya kutimiza hamsini na saba.

Wamekubaliana Jumatano tarehe 19. Daktari kasema siku nane hazitaharibu kitu, ila zisizidi.

Nyumbani Kaka alivua viatu, akavipanga ukutani vizuri, akakaa akivitazama.


Jumatano, 5 Machi

Nimepita stesheni kabla ya zamu yangu. Sikuwa na safari. Nilikaa tu kwenye benchi kumsikiliza.

Miaka thelathini na moja Kaka anatangaza treni. Watu wanaijua sauti, uso hawaujui. Siku moja dukani aliuliza bei ya uzi, muuzaji akaruka: "Wewe ndiye treni!"

Leo alitangaza ya saa nne na robo. Neno la mwisho likakatika katikati. Akarudia. Likakatika tena. Mzee mmoja mwenye sanduku akaniambia, huyu leo ana mafua. Nikasema ndiyo, mafua.

Wiki ijayo wanaweka sauti iliyorekodiwa. Ya msichana. Amerekodi kila kitu, hata "samahani kwa kuchelewa".


Ijumaa, 7 Machi

Kazini dobi, shuka za hospitali zilikuwa mlima. Kwenye rola la kupigia pasi nasimama na Bi Pasi — yeye upande ule, mimi huku, tunakunja. Miaka kumi na sita tunakunjiana shuka, siri zangu zote anazo. Nilipomwambia habari ya tarehe alisimamisha mashine.

"Mtu anaahirisha operesheni kwa ajili ya makelele?"

Siku nane tu, nikamwambia.

"Hata ingekuwa saa nane. Wewe humwambii kitu?"

Nimwambie nini? Nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na nne, fundi redio alipompa kaseti ambayo mwenyewe hakurudi kuifuata. Haikuwa na ganda wala jina. Miaka miwili hatukujua wale ni nani! Kiingereza tulikuwa hatujui, tukaimba tulichosikia. Kiitikio cha wimbo mmoja kwetu kilikuwa "babu kaficha soksi". Tuliimba kwa hasira kabisa, ngumi juu. Mama alisimama mlangoni akauliza: "Hao wanaimba, au wamebanwa vidole?"

Baba alipokufa, Kaka hakulia msibani. Alikwenda chumbani akaweka kaseti, akaigeuza, akaiweka tena. Nilikaa naye sakafuni mpaka betri zikaisha. Kwetu sisi hayo si makelele. Lakini Bi Pasi alikuwa ameshawasha mashine.


Jumapili, 9 Machi

Nimefua fulana zetu nyeusi. Ya kwake haimtoshi tena, tumbo linachungulia. Anasema atavaa hivyohivyo — Wazee nao wana matumbo.

Nikamwambia, acha nikurekodi kidogo kwenye simu, useme chochote. Akakataa.

"Sitaki kuwa kaseti, mdogo wangu."

Halafu wakati wa chai akasema: "Nisimulie tena ile siku."

Ile siku. Wazee waliwahi kuja mara moja, miaka kumi na tisa iliyopita. Mama alikuwa wodini, amevunjika nyonga, na mmoja wetu ilibidi abaki naye. Tulirusha sarafu. Ikamwangukia Kaka, aende yeye. Akaitazama, akanipa tiketi. "Nenda wewe. Mimi ndiye Mama akinisikia anatulia." Hivyo mpaka leo hajawaona kwa macho yake.

Nikasimulia. Mvua ilivyoanza kwenye wimbo wa kwanza. Mwimbaji alivyoinama ukingoni mwa jukwaa, akanyoosha kidole kwenye fulana yangu, tukaimba kiitikio pamoja, mimi na yeye. Uwanja mzima ulivyonguruma. Kaka anaijua yote kwa moyo. Nikiruka kitu ananirudisha.

Kila nikimaliza najisikia vibaya. Leo zaidi.


Jumanne, 11 Machi

Leo ndiyo ingekuwa operesheni. Amekunywa uji kwa shida.


Alhamisi, 13 Machi

Imeahirishwa!! Mwimbaji anaumwa, mapafu. Onyesho sasa ni tarehe 26 Aprili.

Kaka alisoma kwenye simu, akanipa nisome na mimi, akaenda kunawa mikono. Akarudi.

"Basi tutasubiri."

Nikasema tutasubiri nini? Jumatano unapasuliwa.

"Nitampigia daktari. Aniwekee mwezi wa tano."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia wewe mtu mzima una wazimu, utakufa kwa ajili ya vibabu vinne visivyokujua! Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema taratibu, akimeza mate kila baada ya maneno mawili:

"Nimetangaza safari za watu miaka yote hii. Hii moja ni yangu. Nataka niwaone nikiwa na kitu cha kuwaitikia. Baada ya hapo wakate wanavyotaka."

Akajifungia chumbani kwake.


Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia daktari kutoka stoo ya sabuni, Bi Pasi akinilindia mlango. Nikauliza, wiki sita zaidi ni nini? Akasema wiki sita hana za kumpa. Uvimbe ukifika mahali fulani — alitaja, sikushika jina — kisu hakitasaidia tena.

"Ongea naye, dada. Wewe atakusikiliza."

Nimekunja shuka mia na kitu leo bila kuona hata moja.


Jumamosi, 15 Machi

Siku yenyewe. Kaka kaamka, kavaa fulana, tumbo nje. "Twende tu."

Twende wapi? Uwanja umefungwa. "Getini."

Hatukuwa peke yetu! Nilidhani tutakuta watu wawili watatu. Walikuwa kama sitini. Nywele za mvi zimefungwa nyuma. Mmoja ana fimbo. Mama mmoja mnene kaja na kiti chake cha kukunja, mhasibu, akatuonyesha mkono wenye chale ya jina la bendi — ofisini huwa anavaa mikono mirefu. Mlinzi wa geti hakujua afanye nini na sisi. Akaishia kutusogezea ndoo ya maji ya kunywa.

Mtu akaweka wimbo kwenye spika ndogo ya mkononi. Ule wa soksi. Hakuna aliyemwomba Kaka, aliingia mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulitoka wote, mkavu, wa kutisha, mzuri! Watu wakageuka. Yule wa fimbo akasema, "Nakujua wewe. Wewe ni stesheni!" Ubeti wa pili sauti ikazama. Ikawa pumzi tupu, mishipa imesimama shingoni. Watu wote wakaudaka wimbo wakaenda nao, na mimi nikiimba soksi za babu huku machozi yananidondoka mpaka kidevuni.

Nikasema moyoni, Mungu amenisikia, ameshaimba, sasa itatosha.

Kwenye njia ya kurudi nikamwambia: umeona? Umeitikia. Umewaitikia wenzako.

Alivuta fulana ifunike tumbo.

"Ile haihesabiki. Mwimbaji mwenyewe hakuwepo. Mimi nataka anyooshe kidole, kama kwako."

Kama kwako.


Jumapili, 16 Machi

Sijawahi kuyaandika haya hata humu.

Hakunyoosha kidole. Hapakuwa na mvua. Nilisimama nyuma ya nguzo ya taa, nikichungulia mara huku mara kule. Vyombo vilikuwa vinakoroma, maneno hayasikiki. Mwimbaji alikuwa na mafua, anasoma maneno kwenye karatasi, anapenga kwenye skafu. Viatu vilikuwa vya kuazima, vinanibana. Niliondoka kabla hawajamaliza ili nisikose basi. Wimbo wa soksi waliuacha mwisho. Niliusikia kwa mbali nikiwa kituoni.

Asubuhi naingia wodini, Kaka kwenye kiti cha mbao, macho mekundu, Mama ndiyo kwanza kasinzia. "Haya, nisimulie." Mtu kakupa tiketi yake mwenyewe, sarafu ilimwangukia yeye — umwambie haikuwa kitu? Nikaweka mvua. Mvua ikaleta kidole. Kidole kikaleta kiitikio. Alicheka mpaka muuguzi akatunyamazisha. Mwaka uliofuata nikaongeza tena kidogo. Uongo wa mapenzi nao unazaa.

Sasa anataka kuufia.

Nimwambie? Nikimwambia namnyang'anya kitu alichobebeshwa na mimi mwenyewe miaka kumi na tisa. Nisipomwambia —


Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anapaka viatu rangi. Nilisema yote, kuanzia nguzo mpaka kituo cha basi, bila kukaa. Brashi iliendelea, kiatu cha kushoto, kiatu cha kulia. Halafu ikasimama.

"Kidole?"

Hakukuwa na kidole, Kaka.

"Mvua?"

Hapana.

Alifunika kopo la rangi. Alipata tabu na kifuniko, sikuthubutu kumsaidia. Alikwenda chumbani. Baada ya muda nikasikia zipu ya begi. Nikadhani anahama nyumba! Nilipochungulia alikuwa anapanga pajama, taulo, mswaki. Vitu vya kulazwa.

Basi nimeshinda. Nimekaa jikoni na ushindi wangu, sijui niuweke wapi.


Jumanne, 18 Machi

Amelazwa leo. Hasemi na mimi. Na wengine anasema — na muuguzi, na jirani wa kitanda cha pili, hata na mfagiaji kamuuliza hali ya watoto. Nikikaribia ananyamaza. Sauti imebaki ya siku moja na mimi hanipi hata "eeh".

Stahili yangu.

Bi Pasi kanipigia. Kasema, afadhali mtu hai aliyenuna. Najua. Najua! Lakini nimeipita stesheni jioni na yule msichana wa kurekodiwa alikuwa anatangaza, safi kabisa, hata hapumui. Ilibidi nivuke barabara.


Jumatano, 19 Machi

Naandikia kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha upasuaji.

Saa mbili asubuhi walimleta kwenye kitanda cha magurudumu, kavaa lile gauni la kijani linalofungwa mgongoni. Shuka lilikuwa la kwetu dobi, nililijua kwa upindo. Muuguzi akamwambia, haya baba, agana na ndugu yako. Kaka aliangalia dari. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, ataingia hivyohivyo. Nikamgusa mguu kupitia shuka, sikujua niguse wapi.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Nisimulie."

Nini, Kaka?

"Ya kweli. Tangu getini." Akameza. "Usitie chumvi."

Mhudumu alitazama saa yake. Muuguzi akamwashiria asubiri. Nikaanza. Foleni ilivyokuwa ndefu, ilivyonuka jasho na moshi wa sigara. Viatu. Nguzo — nikamwonyesha unene wake kwa mikono miwili. Wimbo wa kwanza sikuutambua mpaka ukaisha. Wa pili nilimwona mpiga ngoma peke yake, kiwiko tu, kinapanda kinashuka. Nilipofika mwimbaji anapenga kwenye skafu, tumbo la Kaka likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Bila sauti, macho kayafumba. Wimbo wa tatu —

Mhudumu akaachia breki. Nilitembea nao mpaka kwenye mstari mwekundu. Nikasema nitamalizia ukitoka, ziko nyingine nne. Mlango ukanifungia.

Sasa ni saa saba. Walisema itachukua saa nne, pengine tano. Mlango haujafunguka. Naandika zilizobaki kabla hazijaanza kujipamba zenyewe.

Wa nne: taa zilizimika. Watu walipiga miluzi. Jamaa wa mbele yangu alikuwa anakula karanga, akanipa.

Wa tano siukumbuki. Kweli kabisa siukumbuki.

Muuguzi ametoka na karatasi, anatafuta mtu kwa macho. Nimesimama. Si mimi, ni familia ya pale mwisho. Nimekaa.

Wa sita. Wa sita walipiga vizuri. Vyombo viliacha kukoroma, sijui walirekebisha nini, ukatoka safi mpaka nguzo ikawa inatetemeka, nikaiegemea kwa mgongo nikausikia wote kwenye mbavu. Huu nitamwambia. Wa sita walipiga vizuri sana, Kaka, na hiyo si chumvi.