Kalamu Iliyoendelea Kuchora

Nosy Be, 1966

Dada Koulsoum,

Jana injinia Mfaransa alifunga mashine mbili kwenye kinu cha miwa: ya zamani inachora mtikisiko kwa kalamu, mpya inatoa tarakimu tupu. Baba yako, mjomba wangu, ndiye aliyeshikilia kipimo chenye waya za mashine zote mbili kwenye chuma cha kinu. Tarakimu zikapanda.

"Kinu kibovu hiki," injinia akasema.

Baba yako akacheka. "Mashine yako inasema uongo, bwana."

Kinu kikazimwa, naye bado ameshikilia. Kalamu ikaendelea kuchora mawimbi madogo. Ni mkono wake unaotetemeka, dada. Injinia alikuwa anaandika tarakimu zake, hakuona. Mimi nikanyamaza, maana wakijua watamtoa kazini. Mtafutie daktari huko Mahajanga.

Naondoka sasa. Wanawasha kinu tena, na nataka nikishike kipimo mimi kabla ya baba yako.

Nduguyo Nourdine