Bembe ya Mzee Dahir

Diff, Wajir Kusini

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Mama huko huko jikoni, maana najua hatoki. Kifua kinaendeleaje? Dawa unakunywa yote, au bado unaumwagia mlangilangi nusu ukidhani hatujui? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Joto la huku usiniulize, na vumbi ndiyo poda yetu. Kazi ya ukunga haijapungua: juzi nimezalisha pacha, na bibi yao kaniletea maziwa ya ngamia kibuyu kizima, nimekunywa mpaka tumbo likalalamika.

Baba, kaka Salimu kanipigia simu. Anasema umeahidi kumpa saksafoni yako mnunuzi wa vyuma chakavu, na mwisho wa mwezi atakuja kuichukua. Nilipokuuliza wewe mwenyewe ukanijibu, "Hakuna aliyekuwa akinisikiliza, mwanangu, watu walikuwa wakicheza tu," kisha ukampa Mama simu. Ndiyo maana nimeandika, barua haikatiki. Anayekuletea ni muuguzi mwenzangu anayekuja likizo Mombasa. Vaa miwani, kaa, usome mpaka mwisho.

Hapa kuna mzee mmoja, Mzee Dahir, aliyefanya biashara ya ng'ombe mpaka magoti yakamkatalia. Kila wiki anakuja zahanati nimpime presha. Siku hiyo nilipomfungua mkono akaniambia mbele za watu, "Sista, jioni wewe nakuja kwangu. Leo nataka kukuba bembe. Bembe mzuri sana!"

Nilishtuka, Baba! Unajua kwetu bembe ni nini: mapochopocho ya Ramadhani ambayo mwanamke humwandalia mchumba wake. Nikajisemea, makubwa haya, mzee mzima anichumbie kwenye foleni ya presha, tena kwa chakula, tena mwanamume ndiye apike! Lakini akaongeza kwamba mkewe, Hooyo Halima (hooyo kwao ni mama), ndiye ananialika, nikatulia. Mchana sikula. Nilikuwa nimeshaanza kuziona tambi za nazi na vitumbua.

Nimefika, nakuta chai ya maziwa na anjera, zile chapati zao za maji. Mezani pana gramafoni ya zamani imeungwa kwenye betri ya lori, na Mzee Dahir anafuta santuri kwa ncha ya kikoi, taratibu utadhani anamfuta mtoto uso. Jalada limebandikwa gundi mpaka majina yamefutika. Imebaki picha ya Mmarekani mweusi, kafumba macho, saksafoni mdomoni. Mzee akaigonga picha kwa kidole: "Hii ndiyo bembe."

Pembe, Baba! Alikuwa anasema pembe, ya kupuliza! Huku "p" haina mwenyewe, tangu nije inatamkwa "b", na bado nikanaswa. Nilicheka mpaka Hooyo Halima akaniletea maji.

Akaniambia ni jazi, aliinunua Mogadishu enzi za ujana wake alipokuwa akipeleka ng'ombe. Mimi jazi ninayoijua ni bendi yenu: magita, ngoma, na mwimbaji wa suti nyeupe akimlilia mpenzi. Nikangoja mwimbaji. Wapi! Nikamuuliza, "Mwimbaji kachelewa?" Akanijibu, "Bembe ndiyo naimba, sista. Wewe sikiliza."

Nikasikiliza. Umri huu wote nilionao, sijawahi kukaa chini nikasikiliza muziki bila kuosha vyombo. Wimbo wa pili ulikuwa wa polepole. Pembe ikapanda, ikapanda, kisha ikaanza kushuka ngazi moja moja, na mimi mwili ukanisisimka. Baba, si ndivyo ulivyokuwa ukifanya barazani baada ya Alasiri? Unashuka, unashuka, halafu unanyamaza imebaki sauti moja tu. Unatutazama mimi na Salimu kwa jicho la pembeni, nasi tunaimaliza kwa midomo.

Yule mtu wa kwenye santuri naye akanyamaza. Mdomo wangu ukanitangulia: "Tuuu!" Kwa sauti, mbele ya wenye nyumba, mkunga mzima! Na papo hapo piano ikaipiga sauti ile ile niliyoitoa.

Hooyo Halima akasema, "Subhanallah." Mzee Dahir akanyanyua sindano. "Hii umesikia wapi?"

"Sijaisikia popote. Ndiyo leo."

"Sasa umejuaje imebaki moja?"

"Baba yangu ndivyo anavyopiga."

Huku wakikuuliza wewe ni wa nani wanataka ukoo mzima, basi nikawapa: Mwanajuma binti Athumani, mpiga saksafoni wa Changamwe. Akauliza una ngamia wangapi. Nikamwambia huna hata mmoja, una pembe moja. Akafikiri, akasema, "Bembe moja nayo ni mali." Nilijisikia mrefu, Baba, nikakaribia kugonga dari. Wewe uliisikia wapi ile? Kwa mabaharia bandarini, au wewe na yule bwana mliwaza sawa bila kujuana?

Na watu wa hapa hawachelewi kukupachika jina. Asubuhi ya pili mama wa wale pacha aliniita "Ina Bembe", yaani mtoto wa Bembe. Sasa ni zahanati nzima, na sokoni muuza nyama hanijui kwa jina lingine. Naitika kwa kifua mbele.

Msalimie Mama, na Salimu kaka yangu, mwambie ahsante kwa kunipasha habari. Msalimie shangazi Zuhura aliyekuwa akifunga dirisha ukianza kupuliza, mwambie Mzee Dahir wa Diff angelifungua. Na yule fundi cherehani aliyekuwa akiishonea saksafoni mfuko, mwambie nitahitaji mwingine mpya.

Mtu wa vyuma akija mwambie kakosea nyumba. Usiseme tena hukusikilizwa, tulikuwepo wawili pale barazani. Likizo yangu iko karibu, inshallah. Kifua kikigoma wimbo mzima, puliza mistari miwili tu, kisha unyamaze unitazame. Ile ya mwisho niachie mimi.

Mwanao akupendaye,
Mwanajuma,
ambaye huku ni Ina Bembe